Faili la Tanga

Zamani ugomvi wa biashara pale Mombasa ulikuwa na siku yake ya mwisho, na siku hiyo haikupangwa na hakimu. Ilipangwa na upepo. Majahazi ya Sur, Kuwait na Hadhramaut yaliingia na kaskazi, kuanzia Desemba, yamejaa tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Kusi ilipoanza, mnamo Aprili, yaligeuza yakiwa na boriti za Lamu. Nahodha aliyedai au aliyedaiwa ilibidi mambo yake yaishe kabla ya foromali kupandishwa, maana akishatoka nje ya mlango wa bahari, kumpata tena ni kaskazi ijayo, na kaskazi ijayo ni ya Mungu.

Baba yangu alikuwa mhesabu boriti katika Bandari ya Kale. Zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na zilikuwa na madaraja yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ugomvi haukukosa. Nahodha amelipia korija za boriti, katikati ya mzigo anakuta mazio; au mwenye mali anadai korija ambazo nahodha anaapa hakuzipakia. Basi wanakaa barazani. Huyu anachagua mzee wake, yule anachagua wake, na wazee hao wawili wanamtafuta wa tatu asiye na fungu katika biashara ya msimu ule. Kahawa inazunguka. Kabla ya magharibi neno limekwisha, na halikuandikwa popote. Aliyekataa hakufungwa wala mali yake haikupigwa mnada. Alirudi kwao salama. Ila kaskazi iliyofuata hakumpata mtu wa kumkopesha hata korija moja, kuanzia Lamu hadi Unguja.

Miaka mingi baadaye, nikiwa karani wa mawakili, nilisoma kanuni za usuluhishi za London nikakuta mpango uleule: kila upande unateua msuluhishi wake, na hao wawili wanamteua wa tatu. Tofauti niliiona kwenye ukurasa wa ada.

Nisiwapambe wazee wale kupita kiasi, lakini. Wenyewe walikuwa wafanyabiashara, wakwe na mashemeji wao kwa wao. Mkata boriti wa Lamu, aliyechukua posho mapema akaingia kwenye matope ya mikoko kwa miezi, sikumwona hata mara moja akiketi kwenye baraza ile kudai chake. Wala mjane ambaye mumewe alizama na mtaji wa watu. Haki ya barazani ilikuwa ya haraka kwa waliokuwa na nafasi barazani. Na tusisahau kwamba ng'ambo ya hapo, Unguja, kulikuwa na mahakama ya balozi wa Kiingereza iliyowahukumu raia wa Uingereza, wafanyabiashara wa Kihindi wakiwamo, na asiyeridhika alikata rufaa Bombay. Babu zetu waliyajua mambo ya kesi kuvuka bahari kabla ya sisi kuzaliwa.

Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje, kwa ajili ya kuokoa mikoko. Sina ugomvi na mikoko. Lakini majahazi yaliyokuwa yamekwisha pungua yakapungua zaidi, na baraza nazo zikabaki za kuzungumzia mpira. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha hamia upande wa karatasi na mihuri.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 70 katika ofisi moja ya wakili isiyo mbali na Mahakama ya zamani, ile inayotazamana na Ngome ya Yesu. Kazi yangu ilikuwa kufungua majalada, kupiga nakala kwa karatasi ya kaboni, kulipia ada, kusubiri muhuri. Vijana wa siku hizi nikiwasimulia hawaamini jambo moja: Tanga haikuwa nchi ya nje. Ilikuwa nchi nyingine, ndiyo, yenye bendera yake na rais wake, lakini kwa mambo ya madai tuliiona kama Malindi iliyo upande wa kusini. Ukiwa na mdaiwa Tanga, samansi ilitoka mahakama ya Mombasa ikapelekwa kwa posta mahakama ya Tanga; tarishi wa mahakama ya huko akampelekea mhusika, kisha ikarudi na kiapo kwamba imefika. Ukipata hukumu, nakala yake iliyothibitishwa ilifuata njia hiyohiyo ili ikakaziwe kule. Deni lenyewe nalo halikusumbua kulihesabu, maana kwa miaka mingi shilingi ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania zilibadilishwa moja kwa moja.

Na juu ya yote hayo palikuwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Ilianzishwa na wakoloni mwaka 1902. Baada ya uhuru, rufaa za kwenda London kwenye Baraza la Privy zikakatwa, nchi moja baada ya nyingine, lakini mahakama hiyo ikaachwa. Ikawa ndiyo ya mwisho kwa mataifa matatu huru. Fikiria jambo hilo kwa utulivu: nchi tatu, kila moja na bunge lake na jeshi lake, na mfanyabiashara wa Kampala, wa Mwanza na wa Mombasa wote wanaishia mbele ya majaji walewale. Makao yake yalikuwa Nairobi, nayo ikizunguka Kampala na Dar es Salaam. Bosi wangu akiwa na rufaa alipanda treni ya usiku na sanduku la mafaili, mimi nikimsindikiza stesheni kuhakikisha hakuna lililosahauliwa.

Mahakama ile ilikuwa na mambo yake. Majaji wengi walikuwa Waingereza kwa miaka mingi, na gharama za rufaa hazikuwa za mtu wa kibandani. Hata hivyo ilituachia kitu ambacho hakuna mpaka ulioweza kukizuia. Mwaka 1969 ilisikiliza rufaa iliyotoka Uganda, ya kiwanda cha biskuti, Mukisa Biscuit, dhidi ya wasambazaji wake, West End Distributors. Rais wa mahakama, Sir Charles Newbold, aliudhika na mtindo wa mawakili wa kuibua pingamizi za awali zisizo pingamizi, zinazoongeza gharama na kuvuruga hoja. Ikaelezwa wazi kwamba pingamizi la awali ni hoja tupu ya sheria, isiyohitaji ushahidi kuichunguza. Nenda leo mahakama yoyote ya Mombasa, Kampala, Arusha au Mwanza, keti nusu siku. Wakili mmoja atasimama na pingamizi, na mwenzake atajibu kwa Mukisa Biscuit. Vivyo hivyo kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973, inayoeleza ni lini mahakama itatoa zuio la muda. Hakimu kijana ambaye hata baba yake hakuwa ameoa wakati hukumu hizo zinatolewa huzinukuu kwa ghibu. Mahakama yenyewe haipo, ila maneno yake yanaamua kesi kila asubuhi katika nchi tatu ambazo zilishindwa kuitunza.

Namna ilivyoshindikana kila mtu wa rika langu anaijua. Baada ya Amin kupindua serikali ya Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na Mamlaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ni marais wa nchi zote tatu. Kisha yakaja malalamiko ya reli, ya ndege, ya bandari: nani analipa, nani anafaidi. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Katikati ya mwaka huo Jumuiya ikawa imekufa, na Mahakama ya Rufani ikafa nayo, rais wake wa mwisho akiwa Samuel Wako Wambuzi wa Uganda. Kenya ikaunda Mahakama yake ya Rufani mwaka huohuo. Tanzania ikaunda yake mwaka 1979.

Redioni habari ilikuwa ya ndege na mabehewa. Ofisini kwetu ilikuwa ya faili moja.

Mteja alikuwa mzee wa Majengo aliyekuwa akiuza mabati na vipuri vya magari. Alimkopesha mwenye mabasi mmoja wa Tanga, mtu aliyefahamiana naye tangu ujana, na alipoona ahadi zimezidi akashitaki. Hukumu tuliipata mwishoni mwa 1976, mdaiwa hakubisha sana. Nilipiga nakala mwenyewe, nikapeleka kwa msajili ikathibitishwa, ikatiwa kwenye bahasha ya kwenda Tanga. Mpaka ulipofungwa hatukujua bahasha ile imefika au imelala wapi. Tuliandika barua. Majibu hayakuja. Kwa miezi ya mwanzo mzee alikuwa akipita ofisini kila Jumatatu kuuliza. Baadaye akawa anapita akiwa na shughuli nyingine tu mjini, anachungulia mlangoni, naye anasoma jibu usoni mwangu kabla sijafungua mdomo.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Kwa sheria ya Kenya hukumu ya madai huishi miaka 12, kwa hiyo ya kwetu ilikuwa bado hai. Bosi akanituma Tanga. Nilimkuta msajili mwungwana aliyenisaidia kutafuta hadi kwenye makabati ya ghala, na bahasha tukaipata, na muhuri wake. Ila mwenye mabasi alikuwa amekwisha fariki. Mabasi yalikuwa vyuma chakavu. Mtoto wake alinipokea kwa heshima zote, akanikalisha, akanipa chai, akasema deni la baba analikubali na yuko tayari kulipa kidogokidogo. Lakini kwa fedha gani? Shilingi ya Tanzania haikuwa tena ndugu wa shilingi ya Kenya, na kuitoa nchini kulihitaji kibali cha Benki Kuu wakati ambapo dola za kununulia dawa za hospitali zilikuwa za kuwindwa. Angelipa Tanga, na fedha ingebaki Tanga. Niliporudi nikamweleza mzee. Alinyamaza, kisha akamwambia bosi: "Wakili, funga faili. Kijana yule hakuninyima, amenyimwa."

Wakubwa nao walikuwa na kesi yao, maana Jumuiya iliacha mali na madeni ya kugawana. Walimleta mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, akawa mpatanishi, na ilimchukua miaka zaidi ya sita kuhesabu ndege, meli, mabehewa na majengo hadi mkataba ukatiwa saini Arusha, Mei 1984, na Moi, Obote na Nyerere. Kazi ile ilikuwa kubwa na ninaisifu. Lakini waliokuwa wafanyakazi wa mashirika ya Jumuiya upande wa Tanzania waliendelea kudai mafao yao mahakamani na barabarani hadi karne hii ilipoanza, wengine wakiwa wanatembelea bakora. Mataifa yalimalizana mapema kuliko walinzi na makarani wao.

Sasa nije kwenye zama hizi, ambazo kwenye karatasi ni bora mno.

Mwaka 1984 Kenya ilitunga sheria ya kutambua hukumu za nje: hukumu ya Tanzania, Uganda, Uingereza na nchi nyingine chache zilizotajwa husajiliwa Mahakama Kuu ya Kenya ndani ya miaka sita, ikakaziwa kama ya hapa. Iliyotoka nchi isiyotajwa inadaiwa upya. Unafungua kesi mpya na hukumu yako ya zamani inakuwa ndiyo msingi wa dai. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliikubali njia hiyo. Na kwenye usuluhishi ndiko kulikofunguka hasa. Mkataba wa New York wa 1958 unazitaka nchi wanachama kutambua na kutekeleza tuzo za wasuluhishi zilizotolewa nchi nyingine. Tanzania ilijiunga mapema ya kushangaza, 1964. Kenya ilisubiri hadi 1989, Uganda 1992, Rwanda 2008, Burundi na Kongo 2014. Wanachama sasa wamepita 170. Kigali ina kituo chake tangu 2012, Nairobi ina chake kilichoundwa kwa sheria ya 2013, na Tanzania iliitupa sheria yake ya mkoloni ya 1931 ikatunga mpya mwaka 2020. Bosi wangu wa mwisho, kijana aliyesoma Uingereza, alikuwa akisema kwa furaha kwamba karatasi moja ya msuluhishi inapita mahali ambapo hukumu ya Jaji Mkuu ingekwama forodhani.

Alisema kweli. Nami nilishuhudia anayebeba karatasi hiyo ni nani.

Kuna mteja wetu mmoja aliyeagiza mchele kutoka Asia, kontena kadhaa. Ulipofika Kilindini ulikuwa umeota ukungu. Mkataba wake ulikuwa wa kurasa mbili, ila ukurasa wa pili ulisema mengine yote yatafuata kanuni za chama kimoja cha biashara ya nafaka cha London, na kanuni hizo zilitaka mwenye dai la ubora atoe taarifa ya usuluhishi ndani ya siku 21 tangu mzigo kushushwa. Siku 21 za kwanza mteja alizitumia kwa namna ambayo baba yangu angeitumia: kupiga simu, kubembelezana, kumtafuta mtu anayemfahamu muuzaji. Muuzaji alikuwa mpole ajabu kwenye simu. Siku ya 22 upole ukaisha. Tulipohesabu gharama za kugombea tu kwamba tumechelewa kwa sababu nzuri, ada za wasuluhishi kwa saa, wakili wa huko, mtaalamu wa kupima mchele, zilikuwa zinaukaribia mchele wenyewe.

Halafu kuna nyuma ya hati ya shehena. Yale maandishi ya wino hafifu, madogo kama mayai ya chawa. Mwenye mzigo haoni zaidi ya jina lake na namba ya kontena upande wa mbele. Upande wa nyuma amekwisha kubali kwamba kesi yoyote itasikilizwa Mahakama Kuu ya London kwa sheria ya Kiingereza. Kampuni moja ya samani ya Dar es Salaam ilijaribu kuishitaki kampuni kubwa ya meli nyumbani, ikaenda hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Ikaambiwa mkataba ni mkataba, mliyokubaliana yanawafunga. Kisheria sina la kujibu. Lakini neno "mliyokubaliana" lilinichekesha kicheko kisicho na raha. Tangu lini mwenye kontena moja la makochi akakaa na kampuni ya meli kujadili kipengele cha 26?

Na serikali zetu zilizojiunga na mikataba hiyo zimejifunza nazo ladha yake. Agosti 2019 ndege mpya ya Air Tanzania, Airbus A220, ilizuiwa Johannesburg kwa maombi ya aliyekuwa mwenye mashamba nchini Tanzania ambayo yalitaifishwa miaka ya 80, akidai sehemu ya fidia yake haijalipwa. Mahakama ya Gauteng iliiachilia mapema Septemba, watu wakashangilia uwanjani. Mimi nilimkumbuka mzee wa mabati. Huyu mwenye mashamba naye alikuwa na faili la zamani, tena la Tanzania. Ila yeye alikuwa na uwezo wa kulifuata dai lake hadi kwenye bawa la ndege.

Kwa Kenya kuna kesi ya World Duty Free, kampuni iliyopewa maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Ilipoporwa biashara, kama ilivyodai, iliishitaki serikali mbele ya wasuluhishi wa kituo cha Benki ya Dunia. Mwenye kampuni, kwa mdomo wake, akaeleza kwamba ili kuupata mkataba alitoa dola milioni 2 kwa Rais Moi. Sehemu ya fedha, alisema, ilipelekwa kwa Rais ndani ya mkoba. Baada ya mazungumzo akautazama mkoba akakuta fedha zimeondolewa na badala yake umejazwa mahindi mabichi. Tuzo ya Oktoba 2006 ilimtupia dai lake lote nje: mkataba uliopatikana kwa hongo hauna mlinzi. Wasuluhishi wenyewe waliona ugumu wake, maana aliyepokea alikuwa ndiye mkuu wa nchi iliyoponea hapo. Serikali ilishinda kesi kwa dhambi ya rais wake. Nimesoma tuzo nyingi kwa sababu ya kazi, na nyingi husahaulika kabla ya chakula cha mchana. Ile ya mahindi nimeisimulia kwenye harusi.

Hayo ni ya wakubwa. Wa chini wamebaki na nini kati ya Mombasa na Tanga, kati ya Namanga na Arusha?

Wamebaki na mahakama ambayo hawaitumii. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikazinduliwa Arusha mwaka 2001. Haikurithi kazi ya ile ya kale. Rufaa za biashara haizisikilizi, kila nchi inaishia kwake. Kazi yake kuu ni kuutafsiri Mkataba, na raia anaweza kuishitaki serikali akienda ndani ya miezi miwili. Lakini ibara ya 32 iliweka mlango mwingine, ambao niliposoma mara ya kwanza nilimpigia simu bosi wangu wa zamani, aliyekuwa amestaafu, nikamsomea neno kwa neno: wafanyabiashara wawili wakiandika kwenye mkataba wao kwamba mgogoro wao utasuluhishwa na mahakama hiyo, itakaa kama msuluhishi. Majaji wa nchi zetu, Arusha, bila msuluhishi wa kulipwa kwa saa. Alikaa kimya kwenye simu, kisha akauliza: "Na nani anakiandika kipengele hicho?"

Karibu hakuna. Kwa miaka yote hii maombi ya usuluhishi pale Arusha yamekuwa ya kuhesabika. Mawakili wa kampuni kubwa hunakili mkataba wa mwaka jana, na wa mwaka jana unasema London, au Paris, au Dubai. Mabenki hayapendi jina geni kwenye kipengele. Na mfanyabiashara wa mpakani hana mkataba wa kuandika kipengele ndani yake. Ana simu na ujumbe wa sauti. Oktoba 2017 maofisa wa Tanzania waliteketeza vifaranga 6,400 vilivyopitishwa Namanga kutoka Kenya, kwa hofu ya mafua ya ndege. Machi 2021 Kenya ikasimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni na mahindi yakazidi kuchomwa na jua juu yake. Waziri alizungumza na waziri, marais wakazungumza, mambo yakalegea. Ila kati ya mwenye mahindi na mwenye lori, kati ya mwenye lori na kiwanda kilichokataa kupokea, nani alimlipa nani? Hilo hakuna aliyeliuliza mbele ya jaji wa nchi yoyote. Lilimalizwa palepale vumbini, na aliyekuwa na njaa zaidi ndiye aliyesamehe.

Mpwa wangu anafanya biashara ya ufuta. Anaununua Lindi, anausafisha, anamuuzia mtu wa Dubai. Mwezi uliopita alinitumia mkataba kwenye simu: "Mjomba, nitazamie hii." Bei nzuri, vipimo vizuri, na mwisho kabisa usuluhishi Dubai, kwa Kiingereza, wasuluhishi watatu. Nikampigia, nikamwambia amwombe mnunuzi waandike Arusha, au Nairobi, au walau msuluhishi mmoja badala ya watatu. Akacheka. "Mjomba, nikimwambia Arusha atadhani namwalika kupanda mlima." Nikamwuliza thamani ya mzigo. Aliponitajia, nikajua kwamba ukiharibika hautalipa hata nauli ya wasuluhishi watatu kukutana.

"Basi nifanye nini?"

Nikamwambia asahau ukurasa wa mwisho, adai nusu ya fedha kabla ya kupakia, na amuulize mnunuzi ni nani mwingine wa Dar es Salaam au Mombasa aliyewahi kumuuzia, ampigie huyo. Aliuliza. Alipewa majina mawili, mmoja akamsifu, mwingine hakupokea simu. Nusu hakuipata; amepewa asilimia 30, na kontena limetoka.